Kiti cha Mbele Uwanjani

Kaka,

Sisi wazima, ila haya mashindano ya raga ya vijana wa kanda yatanitoa roho. Fundi wa kuchomelea nilimchorea goli vizuri kabisa: milingoti miwili, na chuma kinachokatiza katikati. Bwana yule kaona nimekosea, akakipandisha chuma hadi juu kama goli la soka, kisha akangoja nimshukuru! Nimefoka mpaka sauti imenikauka. Sasa anakuja kila asubuhi, kanuna, anakata na kuunga upya.

Nilikutengea kiti cha mbele, kama mwaka jana kilipobaki kitupu. Juzi mwanao, ambaye ndiye nahodha wetu, kaniambia bila hata kuniangalia: "Shangazi, kiti cha baba mpe fundi. Yeye akikosea, anarudi."

Nimempa.

Ni mimi dada yako, bado nimekasirika.