Goti Langu Limepanda Mlima

Dada Nyambura,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi! Vijana wa kanisa la Kamau hapa Brooklyn Park, Marekani, walikuwa wakipanga kupanda mlima mdogo kando ya mto, majani yakiwa mekundu. Kamau akasema, "Mum, kwa goti hilo linalokuuma utatungoja kwenye gari." Nikamwambia, "Mwanangu, tafuteni njia ninayoiweza mimi, na wote mtaiweza." Wakatafuta upya, wakapata njia fupi yenye mahali pa kupumzika.

Jana nilifika juu kwa miguu yangu, dada! Nilipigiwa vigelegele. Tukala chapati na chai ya moto, mto ukimetameta chini yetu. Kamau, bado akihema, akasema, "Mum, mwaka ujao utapanga wewe."

Nakukumbatia kwa nguvu zote,
Njeri