Alama Nyekundu Chini ya Rangi ya Bluu

Chekereni, Moshi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mvua huko Kasulu, imenyesha hatimaye? Mimi nakula vizuri na usingizi umerudi. Juzi kwenye simu nililia mpaka ukadhani nimefiwa. Hapana, mama. Nimeshinda kesi! Mwambie kaka akusomee taratibu, nikueleze yote.

Unakumbuka nilivyonunua lile jengo la duka hapa barabarani, baada ya miaka ya kuuza mchele chini ya mwavuli. Bwana Elinami, aliyeniuzia, alikuwa amelipaka rangi ya bluu, linang'aa. Hata magunia sijamaliza kupanga, watu wa barabara wakaja. "Mama, mbona hujabomoa? Hapa ni hifadhi ya barabara. Jengo hili tulishaliwekea X ya kubomolewa."

Nilimfuata Elinami kwake Machame. Hata kiti hakunipa. "X gani? Nenda kashtaki," akasema. "Wewe mtu wa kuja, nani atakutolea ushahidi hapa?"

Nawe ukaniambia, rudi nyumbani mwanangu, ugenini hakuna kesi. Nusura nikusikie. Aliyenizuia ni Mama Ndeshi, jirani anayepika mtori, supu yao ya ndizi, pembeni ya duka. Ameolewa na mdogo wake Elinami, ni shemeji yake kabisa. Alikuja akakaa juu ya gunia, akasema, "Ile alama niliiona. Nitasema."

Siku ya ushahidi kwenye baraza la ardhi, ukoo wa Elinami ulijaza mabenchi. Mama Ndeshi akasimama mbele yao wote. "Nilimwona shemeji akipaka rangi juu ya X. Nikamuuliza, akaniambia, wewe chemsha ndizi zako."

Elinami akaruka. "Mwongo! Alama haijawahi kuwepo!"

Mwenyekiti wa baraza akasema, basi twendeni tukaone. Wote tukashuka Chekereni. Karani akaazima kisu cha Mama Ndeshi cha kumenyea ndizi, akaanza kukwangua ukuta. Bluu ikadondoka vipande vipande, pakatokea mstari mwekundu, halafu wa pili ukaukata katikati. X, mama! Kubwa kama mlango! Wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele mpaka mwenyekiti akawanyamazisha.

Baraza limefuta mauziano, na juzi amenirudishia pesa zangu zote na gharama za kesi. Ndiyo maana nililia. Nimeshapata chumba kingine, mbali na barabara, na safari hii nilianzia ofisi ya ardhi kuuliza.

Nilimhofia Mama Ndeshi, nikajua wakwe watamtenga. Jumapili tuliingia kanisani pamoja, watu wakageuka kututazama. Mama mzazi wa Elinami, bibi mzee sana, akasogea kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyobaki. "Kaa hapa, mkamwana. Sikuzaa watoto ili waibie watu." Mama Ndeshi akakaa, na hapo ndipo alipolia yeye.

Nisalimie kaka na wifi, na shangazi mfinyanzi. Na yule babu jirani aliyesema nitarudi mikono mitupu, msalimie mara mbili.

Krismasi, Wachaga wakipanda kwao mlimani, nami nitakuja kwetu. Kuwasalimia tu, mama. Kuhama, hapana.

Mwanao aliyeshinda ugenini,
Zawadi