Sahani ya Jokia katika Wiki ya Roho

Jumanne, 18 Januari
Theluji tena! Tangu asubuhi. Leo, kama kila mwaka, roho za wafu wetu zimeingia nyumbani kukaa wiki moja. Mama mkwe kazifungulia mlango, glasi ya pombe kali, araki, mkononi, kamwita marehemu baba mkwe: karibu mzee, keti. Baridi yote ikaingia nazo. Mwanangu Natela kapiga chafya. Nikaomba mlango ufungwe. Mama mkwe akanijibu: "Haraka ya nini? Wengine wanatembea polepole!"
Mume wangu Jokia yuko ng'ambo ya mlima, anawaongoza wageni wanaoteleza thelujini kwa ski. Atarudi kabla ya Jumatatu, siku roho zinapoagwa. Kaahidi.

Alhamisi, 20 Januari
Upepo, upepo. Barabara imefungwa. Nilikwenda kuchukua nyasi za ng'ombe, theluji ikaguna chini ya miguu — vumm! — uwanja mzima ukatitia. Jokia alinifundisha: chini ni chembechembe kama sukari, juu bamba zito. Bamba halina pa kushika; hatua moja tu, mteremko mzima unaporomoka.

Jumamosi, 22 Januari
Jua! Paa linadondosha maji. Mbaya zaidi, theluji inalegea. Nimempigia Jokia. Wageni wamenuna, wanataka kupanda. Kawakatalia: hakuna atakayegusa mteremko wa kuvukia huku, hata wampe ng'ombe. Mume mwenye akili, jamani.

Jumapili, 23 Januari
Akili iko wapi?!
Mama mkwe kaninyang'anya simu, kamwambia Jokia: "Baba yako anauliza uko wapi. Kesho roho zinaamua nani atauona mwisho wa mwaka huu. Usipokuwepo, nani atakutetea?"
Nikasema, mama, kwa desturi hata roho vilema tunazisubiri siku moja zaidi. Mzee si atasubiri?
"Mume wangu hakuwa kilema!"
Jokia akacheka. Halafu akasema atavuka alfajiri, theluji ikiwa imeganda. Peke yake. Na wageni? Wabaki, ni hatari. Hatari! Kwa wageni! "Wao hawana baba huko nyumbani, mke wangu." Nilitaka kuitupa simu jikoni iungue.

Jumatatu, 24 Januari
Theluji haikuganda. Mawingu yalitanda kama blanketi usiku wote. Nilipompigia, simu imezimwa. Anatunza chaji, najua. Ndiyo kawaida yake.
Kabla ya adhuhuri mlima umenguruma. Mara moja tu. "Radi," kasema mama mkwe. Radi, Januari!
Jirani Chichiko kapita na koleo na fito ndefu za kuchomea theluji, wanaume nyuma yake. Wamekwenda mbio kuelekea mlimani.
Sasa mama mkwe anaandaa meza ya kuagana. Upande wa ukutani sahani za roho, upande wa jiko zetu. Ya Jokia kaiweka ukutani, kando ya baba yake. "Watakuwa na mengi ya kuongea." Nimeihamisha, nikaiweka karibu na kijiko cha Natela. Kairudisha. Nimeihamisha tena.
Maharage ya Jokia nimeyaacha chunguni yasipoe. Natela anaita baba kila mbwa akibweka.
Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili uko juu ya sahani ya Jokia.