Mlango Wangu Hauko Mtoni

Ukingo wa mashariki wa mto Akhuryan
6 Machi 2022

Kwa Mama Tuncay,

Salamu. Natumaini umeamka salama na baridi imeanza kuwaachia. Huku sisi wazima, ila goti langu la kushoto halijakubali kwamba majira yamebadilika.

Hunijui, lakini moshi wa jiko lako nauona kila asubuhi ng'ambo ya mto. Nakuandikia Kituruki alichonifundisha bibi yangu, kwa hiyo makosa ni yake. Binti yangu Arpine, anayeshona nguo huko Istanbul, ameniambia anaolewa na mwanao Tuncay, na kwamba mmeshakodi ukumbi huko kwenu. Nililia, nikafua nguo, nikalia tena. Sasa nimemaliza. Mtu mzima akishapenda hafungiwi zizini.

Lakini kwetu msichana haokotwi barabarani kama mzigo ulioanguka. Mkubwa wa ukoo wa mwanamume huja na zumari na ngoma, akabisha hodi, akaomba. Nasikia na kwenu ni hivyohivyo. Basi njooni. Msipokuja sitoi baraka zangu, na Arpine ameapa bila baraka zangu haolewi.

Mpaka wa nchi zetu, yaani huu mto, umefungwa, najua. Sikuufunga mimi.

Satenik, mama yake Arpine


Ukingo wa magharibi wa mto huohuo, sisi twauita Arpaçay
29 Machi 2022

Mama Arpine,

Salamu nimeipokea, ingawa ilikuwa na miiba. Pole kwa goti. Langu ni la kulia, kwa hiyo tukikutana tutapata mtu mmoja mzima.

Hivi unajua unachoomba? Kuku wangu akipotea anafika kwako kabla supu haijachemka. Lakini mimi, binadamu, nikitaka kuja kwako, nipande milima hadi Georgia, nivuke, nishuke tena kusini, nifike nimepinda mgongo. Isitoshe, mkubwa wa ukoo sasa ni shemeji yangu Nadir, tangu mume wangu afariki, naye amesema hakuna mguu wa nyumba hii utakaokanyaga huko. Alisema na mengine, hayo siandiki.

Nimepata njia. Jumapili ya kwanza ya Mei kaa mtoni. Nitaleta zumari na ngoma hadi ukingoni, nitaomba nikiwa huku, nawe utaitikia ukiwa huko. Askari watanifanya nini, mwanamke mzima na harusi yake?

Gülizar, mama yake Tuncay


2 Mei 2022

Mama Tuncay,

U mzima kweli? Nauliza kwa sababu niliwaona askari wakikuzunguka wewe na yule mpiga ngoma, nawe unawatikisia kidole. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Zumari nililisikia. Hata ng'ombe walilisikia. Lakini mlango wangu hauko mtoni.

Unaniona mkaidi, basi sikia sababu. Bibi yangu alizaliwa kijijini kwako. Kisima cha kwao kilikuwa na mawe mawili mekundu mdomoni. Akiwa mtoto, watu wetu walipofukuzwa huko, alitolewa mlangoni kwao kwa bunduki, miguu mitupu. Sisi na nyinyi, mtu akisafiri tunamwaga maji nyuma yake ili aende na kurudi salama. Yeye hakumwagiwa na mtu. Mpaka anakufa alikuwa akisema ndiyo maana hakurudi.

Arpine ndiye wa kwanza wa damu yake kurudi kijiji kile. Ataombwa mlangoni, kwa heshima, watu wakiona. La sivyo haendi; ameshatoka Istanbul kuja kungoja kwangu, na mimi nitalia naye humu ndani mpaka tuchoke.

Satenik


21 Agosti 2022

Mama Arpine,

Salamu nyingi, na goti nalo nalisalimu. Najua umedhani nimenuna. Sikununa, nilikuwa na vita humu nyumbani.

Barua yako nilimsomea Nadir mezani. Akasema hayo ni ya zamani, tuyaache. Nikamwambia, "Maji ya kisima kile tunayanywa hadi leo, shemeji. Ya zamani ni yapi?" Akaacha sahani akatoka. Tangu siku ile hatusemeshani na simpikii. Anajikaangia mayai.

Redioni wamesema wakubwa wamekubaliana: siku moja wageni wa nchi za mbali wataruhusiwa kupita mpaka wetu. Mtu atoke mwisho wa dunia apite, mimi jirani nizunguke! Nimechoka kuwangoja. Mwisho wa Septemba Tuncay anakuja kwa njia ya Georgia, na zumari na ngoma. Mimi sitakuwemo, maana mama wa bwana harusi humpokea bibi harusi mlangoni, na mkaidi wa desturi si wewe peke yako.

Wa kuomba bado sijampata. Akikosekana, usimtoe binti. Sitakulaumu.

Gülizar


2 Oktoba 2022

Mkwe wangu Gülizar,

Salamu, na hongera. Barua hii ikifika, Arpine ameshavunja sahani ya heri mlangoni kwako, kama bibi harusi wetu wote. Lakini nakuandikia ya huku, kwa kuwa wanaume hawatakusimulia sawasawa.

Zumari lilianza njia panda. Kijiji kizima kilitoka, wengine kushangilia na wengine kununa. Mwanangu Garnik akaziba mlango kama ilivyo ada ya kaka wa bibi harusi. Kutoka kwenye gari la Tuncay akashuka mzee wa koti jeusi, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa Nadir. Nadhani mayai yalimshinda.

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Akavua kofia, akasema, "Njia fupi wameifunga, nimekuja kwa ndefu. Naomba binti. Kuhusu yule mtoto wa miguu mitupu, sina neno la kutosha." Garnik akasogea bila kuambiwa. Mimi, ambaye ulimi wangu unaujua, niliitikia kwa kichwa tu.

Ndipo akanipa ile chupa uliyompa, iliyozungushiwa kitambaa, yenye maji ya kisima cha mawe mekundu. Yamevuka mipaka miwili bila kuulizwa pasi. Nusu nilimmwagia Arpine nyuma ya gari. Nusu nyingine niliipeleka makaburini nikammwagia bibi. Nimemwambia arudi akitaka, asingoje serikali.

Chupa nakurudishia na dereva, nimeijaza maji ya kisima chetu. Siku utakayokuja kwangu, Tuncay akumwagie hayo. Na usizunguke. Njoo na njia fupi, uwatikisie askari wako kidole, nami nitakuwa huku nikiwatikisia wa kwangu.

Mkwe wako,
Satenik