Lita Nne Nisizozielewa

Jumatatu, 6 Julai
Unguja na kurudi, mara mbili. Injini nimeishusha hadi asilimia sitini na tano, kama alivyoagiza Kapteni Shaaban, rubani wetu mkuu. Polepole, mafuta yadumu. Nimekwenda polepole mpaka abiria mmoja kauliza kama kuna tatizo. Jioni nimepima tangi: zimetumika lita nne zaidi ya hesabu. Sielewi.

Jumanne, 7 Julai
Lita nne tena. Nimeulaumu upepo wa kusi. Ukiukabili polepole unakaa angani muda mrefu, unachoma zaidi. Sawa. Lakini mchana Idrisa, rubani mwenzangu, karusha ndege hiyohiyo, upepo uleule, mwendo uleule, na hesabu yake imetimia. Wivu umenishika, sikatai.

Jumatano, 8 Julai
Nimeitwa na Kapteni Shaaban. Hesabu zangu zisipokaa sawa kufikia Jumamosi, narudi kiti cha kulia, msaidizi wa rubani. Miaka minne nimekingoja hiki cha kushoto! Leo nimeongeza mwendo kwenda, nikapunguza kurudi. Kisha nikageuza. Kisha nikapaa juu zaidi. Wapi. Pua ya ndege imeinuka njia nzima, kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Labda sijui kurusha.

Alhamisi, 9 Julai
Asubuhi wanaume watano, mafundi umeme. Mafuta yametimia. Mchana wanawake watano, waenda harusini. Yamezidi.

Nimemwomba Makame, anayepokea abiria, karatasi za uzito, ambazo hesabu ya mafuta hutokana nazo. Wanaume: 71, 84, 66. Wanawake: sitini. Sitini. Sitini. Wiki nzima, kila bi ana kilo sitini. Hata Bi Raya, jirani yetu kijijini Vitongoji, ambaye mlango wa kwetu huupita kwa ubavu!

Makame kaniangalia kama nina wazimu. Kumpandisha mama wa watu kwenye mizani, watu wanatazama? Yeye alilelewa kwa adabu, huwaandikia sitini bila kuwapima. Na mimi ndiye ninayewabeba wote hao. Kina mama huuliza kwanza kama narusha mimi, yule binti wa Vitongoji, ndipo wakate tiketi. Wananipenda, na wananiponza. Sijui nicheke au nilie.

Wala si mafuta tu. Siku injini ikilegea tunapopaa, uzito wa uongo utatuua sote.

Ijumaa, 10 Julai
Nimeweka mizani nyuma ya pazia, namba naiona mimi peke yangu. Nimepanda wa kwanza, wanione. Wawili wakapanda wakicheka. Bi Raya kakataa.

"Wan'pima kama gunia la karafuu, mwanangu? Mie n'lokubeba mgongoni?"

Kachukua kikapu chake, kaenda kungoja zamu ya Idrisa. Wenziwe wawili wakamfuata. Nimeruka na viti vitatu vitupu. Mafuta yametimia. Moyo umenivunjika.

Jioni Idrisa anakuna kichwa. Yake yamezidi. Nimemweleza. Kesho pazia ni la kila mtu, Makame apende asipende.

Jumamosi, 11 Julai
Kapteni Shaaban kaona hesabu zimetimia, katia saini. Kiti cha kushoto ni changu. Nilidhani nitafurahi.

Nimempitia Bi Raya, nimebeba halua. Nimepiga hodi, nikatoa shikamoo. Kaitikia marahaba, sauti ya chini, bila kufungua mlango. Halua nimeiacha kizingitini, nikaenda nyumbani.