Mabati ya Mama Yamepanda Kilimani

Jumatatu, 4 Novemba
Leo tena nimechemsha chai ya mafundi. Leo tena nimeinywa mwenyewe. Fundi Projestus anasema yuko njiani. Njia hiyo ingekuwa imeshamfikisha Uganda. Nyumba ya mama haina paa tangu wiki iliyopita. Kuezua waliezua kwa siku moja, wakiimba. Kubomoa wanaweza.
Mama analala jikoni, kando ya mafiga. Anakohoa. Nimemwomba twende kwangu Kayanga mpaka kazi iishe. Hataki. Baba kazikwa hapo kwenye kibanja, shamba la nyumbani, hawezi kumwacha peke yake.

Jumanne, 5 Novemba
Fundi kaja mchana, peke yake, na shikamoo nyingi kwa mama. Kasema mabati mapya niliyonunua lazima yakapimwe na kukatwa kwake, ndiko viliko vifaa. Nikakubali. Nimechoka kubishana. Yameondoka yote kwa pikapu.

Alhamisi, 7 Novemba
Mvua kubwa. Simu yake haipatikani. Vyombo vya mama nimevifunika kwa turubai la kuanikia kahawa. Godoro limelowa hata hivyo. Jikoni moshi, nje baridi. Kifua cha mama kinakoroma. Namchukia yule mtu.

Ijumaa, 8 Novemba
Kijiji kizima cha Mabira kinanuka senene wa kukaanga, panzi wa msimu huu. Jirani yetu, Mama Koku, kaniletea sahani. Kasema mwaka huu wameshuka kwa wingi, na aliyebahatika kuliko wote ni Projestus: kasimamisha mtego mkubwa kule kilimani, mabati mapya matupu, yanang'aa.
Mabati mapya.
Senene nilikuwa nimeshawatia mdomoni. Watamu. Hilo nalo limeniudhi.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimepanda kilima kwa bodaboda. Kweli, ni mabati ya mama. Yamesimamishwa juu ya mapipa, taa katikati, panzi wagonge bati watumbukie. Projestus hakuona haya.
"Dada, senene hawasubiri. Nyumba ipo tu."
Niliyomjibu siyaandiki. Nikamwambia na habari ya kifua cha mama. Akaanza mwenyewe kukata kamba zilizofunga mabati.

Jumatatu, 11 Novemba
Wamekuja wote, asubuhi. Nyundo tangu kunakucha. Mganga wa zahanati kasema mama asilale tena kwenye moshi. Kama mimi sijui. Nimewapikia mafundi ndizi na maharage. Sikuwasemesha.

Alhamisi, 14 Novemba
Paa limeisha. Mabati mawili yamepinda, mengine yana madoa ya mafuta. Projestus kaleta ndoo ya senene, kaishika kwa mikono miwili. Nilitaka kumrudishia. Mama akaipokea, akamshukuru.
Mama kakaa sebuleni mkekani, anachambua mbawa na miguu. Enzi zao mwanamke alichambua, mume, mwenye nyumba, akala; mwanamke kuonja ilikuwa mwiko. Bado anatenga fungu la baba kila msimu. Mimi nilikaa chini nikamsaidia. Hasira imeisha, umebaki uchovu.
Mvua ikaanza. Mama akaacha kuchambua, akatazama juu, akangoja. Hakuna tone.
Akalitazama fungu la baba. Akalisukuma mbele yangu.
"Kula. Nyumba hii umeiezeka wewe."