Kwako Kaka, Kuhusu Nafasi ya Nne

Kaka Ambani,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naiona kwenye picha unazomtumia Mama: koti zito, theluji, tabasamu. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu ulinisingizia mbele ya watu, nami nikanyamaza.

Unakikumbuka chumba chetu cha kupanga kule Shieywe? Meza moja, kompyuta moja, na wewe umeniachia kiti, umesimama nyuma yangu unanifundisha. Baba alikuwa ameshatutoka. Kila nilichokijua kuhusu programu kilitoka kinywani mwako. "Usiogope, haiumi," ulikuwa ukiniambia kila makosa yalipojaa kwenye kioo kwa rangi nyekundu. Nilikuamini kuliko nilivyowaamini walimu wangu wote.

Kisha tukapata ile kazi ya zahanati. Wahudumu wa afya wa vijijini, kule Buyangu kando ya msitu, walitakiwa kuandika habari za wajawazito kwenye simu, zifike zahanati siku hiyohiyo. Mfumo wa kwanza uliuandika wewe. Ulikuwa wa maandishi matupu, kwa mtindo uitwao JSON, kila rekodi ikibeba majina marefu ya vipengele vyake: jina la mama, umri wa mimba, tarehe ya kliniki, dalili za hatari. Majina yaleyale, tena na tena, kwa kila mama, kila siku. Mtu angeweza kuyasoma kwa macho kama barua. Lakini mtandao wa kule unaujua. Mama Rasoa, mhudumu wetu, alikuwa akipanda kilimani na simu mkononi, anasubiri weee, kisha anateremka bila kutuma.

"Inazungukanga tu," alituambia. "Inazungukanga mpaka chaji inaisha."

Ni mimi niliyesema tuache kuyasafirisha majina ya vipengele. Simu inajua kwamba nafasi ya kwanza ni jina la mama, ya pili ni umri wa mimba, ya nne ni dalili za hatari. Zahanati nayo inajua. Basi tutume nambari ya nafasi na jibu lake, vikiwa vimebanwa kwenye baiti chache. Ulikataa. Tulibishana mpaka obusuma, ugali wetu, ikapoa sahanini.

"Siku rekodi ikiharibika, nani ataisoma?" uliniuliza. "Maandishi hayamfichi mtu kitu."

Nakiri, neno hilo lilikuwa na ukweli. Nilikujibu kwamba mradi orodha ya nafasi iko sawa pande zote mbili, hakuna kitakachofichika. Sharti lilikuwa moja, na nililiandika juu kabisa ya orodha: nafasi ikishapewa maana, haipewi nyingine kamwe. Ulilisoma. Ulisema sawa.

Siku Mama Rasoa alipotuma kwa mfumo mpya alikuwa ameketi mlangoni kwake, hajapanda popote. "Imeenda!" alitupigia kelele kwenye simu. "Hata chai sijameza, imeenda!" Ulininyanyua ukanizungusha kama mtoto. Siku hiyo nimejaribu kuichukia, nimeshindwa.

Halafu wageni wakataka kuja kuuona mfumo, wakaomba waonyeshwe pia ni akina mama wangapi wana bima ya afya. Mimi nilikuwa Mumias nikimuuguza shangazi. Wewe ulikuwa na haraka. Ukaichukua nafasi ya nne ukaipa bima, dalili za hatari ukazisogeza hadi nafasi ya tisa, ukaiweka orodha hiyo mpya kwenye kompyuta ya zahanati. Simu za Buyangu hukuzigusa. Baadaye ulijitetea kwangu kwamba ulinuia kuzibadilisha wiki iliyofuata.

Phoebe hakuifikia hiyo wiki. Alikuwa mke wa mlinzi wa msitu, na mimba yake ya kwanza. Asubuhi hiyo miguu ilikuwa imevimba, kichwa kinagonga, macho yanaona vimulimuli. Mama Rasoa akampima presha, akabonyeza palipoandikwa dalili za hatari, akatuma. Ilienda mara moja. Simu yake ilisema: nafasi ya nne, ndiyo. Kompyuta ya zahanati ikasoma: ana bima, ndiyo. Nafasi ya tisa haikuletwa na simu, maana simu haikuijua, kwa hivyo kompyuta ikajijazia yenyewe: dalili za hatari, hapana.

Wakakaa wawili hao wakilingoja gari la zahanati, ambalo hutumwa kila dalili za hatari zinapoingia. Mama Rasoa alijaribu kupiga, simu haikushika. Saa tisa alasiri akakata tamaa, akampakia Phoebe kwenye bodaboda, akaketi nyuma yake akimshikilia njia nzima. Phoebe aliokolewa. Mtoto wake, wa kiume, alizaliwa kimya.

Kwenye mkutano ulioitwa baada ya msiba huo, sista wa zahanati alilia. "Nilitazama mimi mwenyewe," alisema. "Iliniambia hana hatari, na bima anayo. Nikafurahi hata."

Ukasimama, Kaka. Ukarekebisha kola. Ukasema, "Mimi tangu mwanzo nilitaka maandishi. Hizi nambari ni za dada yangu."

Watu wote wakanigeukia. Kompyuta ilikuwa mkobani mwangu, na ndani yake kumbukumbu ya kila badiliko, siku lilipofanywa na aliyelifanya. Jina lako lilikuwa palepale kando ya nafasi ya nne. Sikuifungua. Barua yako ya kazi ya ng'ambo ilikuwa imefika wiki hiyo, na Mama alikuwa ameshawaalika watu wa kanisa waje kukuombea safari. Nilijiambia kwamba ukishafika utaandika useme kweli.

Hukuandika. Mimi nikafutwa kazi. Zahanati ikarudi kwenye maandishi yako, na Mama Rasoa akarudi kupanda kilima. Watu wanasema zile nambari ndizo zilizoua. Wewe unajua kwamba zilifanya kazi zilivyoagizwa, na unajua nani aliyeziagiza. Nakuchukia kwa hilo, na najichukia kwa ule mkoba niliouacha umefungwa.

Mwezi uliopita nikaenda kwa Phoebe nikamweleza yote, polepole, mpaka akaelewa. Alinisikiliza akichambua mboga, mikono haikusimama.

"Kwa hivyo Mama Rasoa alituma," alisema.

"Alituma. Hakukosea popote."

"Mimi huyo mama nilimchukia, nikidhani hakutuma. Nikimwona njiani ninapitanga kando." Hapo mikono ikasimama. "Na wewe ulijua siku zote?"

"Nilijua."

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Huyo ndugu yako," akaniuliza, "anaitwa nani?"

Nilimwambia. Nikampa na nambari yako.

Basi kwaheri, Kaka. Ukiona simu kutoka huku kwa nambari usiyoijua, ipokee. Usimkatize. Mwache aseme mpaka amalize.

Ni mimi,
dada yako wa tumbo moja